Mukandori, Uliyetupandisha Bugeshi

Mwaka umetimia leo, tarehe 23 Agosti, Mukandori wetu, na bado kila asubuhi tunanyamaza kidogo, kana kwamba baiskeli yako itasikika ikitoka uani.

Ile baiskeli ya magurudumu matatu, uliyoiendesha kwa mikono, ilikupeleka mpakani mwa Goma na kukurudisha kwa miaka ishirini na miwili. Ilibeba vitunguu, sabuni na unga, na wewe ukiwa juu yake umevaa kitenge kilichopigwa pasi. Wanawake wa mpakani walikuita Mama Pasi. Ulikuwa unauza, unacheka, unawauliza habari za watoto wao kwa majina, na ukirudi nyumbani unaosha mikono kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, ukiangalia ziwa.

Polio ilikupata ukimbizini Karagwe ukiwa na miaka minne. Mliporudi Rwanda ulikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, umeketi juu ya lori katikati ya magodoro. Hapo ndipo ulipoiona milima ya volkano kwa mara ya kwanza, ya bluu, imesimama juu ya mawingu kana kwamba haigusi ardhi. Uliuliza mtapanda huko lini. Mtu mmoja kwenye lori alikujibu, kwa upole kabisa, kwamba huko si kwako. Ulitusimulia jambo hilo mara nyingi bila hasira. Ulisema tu, "Hakujua njia, maskini."

Ni mimi mumeo, Callixte, ninayeandika. Watoto wamenisukumia kalamu, wakasema mwandiko wangu unasomeka.

Jioni moja, miaka mitano iliyopita, ulikuwa barazani unamenya viazi. Ziwa lilikuwa limetulia, lina rangi ya maziwa, na taa za Goma zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja. Ukaniambia unataka kulala nje. Nilidhani nimekukosea.

"Si hivyo," ukacheka. "Kwenye hema, Callixte. Bugeshi, chini ya mlima. Mimi na wenzangu wa viti na magongo."

"Utaingiaje kwenye hema wewe?"

"Ndiyo maana kesho naenda kwa fundi."

Kweli ulikwenda Mahoko, kwa Mudathiru anayeshona maturubai. Ulimwambia akae chini, asahau kwamba ana miguu, kisha afungue zipu ya hema la kawaida. Mudathiru, mtu mzima na kofia yake safi, akakaa sakafuni juu ya vipande vya nguo, akanyoosha mkono. Zipu ilikuwa juu mno. Akajaribu tena, akaanguka ubavu.

"Eh, Mama!" akasema akiwa palepale chini. "Kumbe tente hii iko mubaya sana! Mi nimeshona za namna hii miaka kumi, sikujua."

Alikushonea hema lenye mlango mpana wa kupitisha baiskeli yako, lisilo na kizingiti, zipu zake zinafunguka kuanzia chini, na ndani lina kamba za kushika mtu anapojiinua. Alishona manne. Alipokuja kuyaleta alibaki hapa nyumbani siku nzima, anaingia na kutoka kwa kutambaa, anatafuta kosa.

Halafu ukamwendea Bahizi. Wengi wa mtaa wetu wanamjua: aliyekuwa askari, akapoteza miguu yote miwili, na kwa miaka sita hakuvuka geti lake isipokuwa kwenda hospitali. Ulisimamisha baiskeli mlangoni kwake siku nne mfululizo. Siku ya nne akakujibu.

"Mi sitoki, Mama. Watu wananiangalia."

"Huko tunakokwenda kuna ng'ombe tu," ulimwambia. "Ng'ombe akikuangalia anatafuna, basi."

Alicheka. Mkewe alitueleza baadaye kwamba yeye mwenyewe alikwenda jikoni kulia, kwa kuwa alikuwa ameisahau sauti ile.

Jumamosi ya safari tulipanda watu saba, kwa gari la mizigo la kukodi, mkiwa mmeketi juu ya magodoro. Kadiri tulivyopanda, hewa ilikuwa inapoa na sauti zilikuwa zinapungua. Mashamba ya viazi yalipita pembeni, yakaingia kwenye ukungu, yakatoka tena. Nakumbuka ulikuwa umefumba macho na uso umeuinua, kama mtu anayenusa mkate.

Barabara ilipoisha tukashuka kwenye njia ya miguu. Ulikuwa umeshaikagua mara mbili, na wakazi wa kilima walikuwa wameipanua kwa majembe. Lakini mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imezoa mbao za daraja dogo, na mbele yetu palikuwa na mtaro wa maji, mpana, wenye tope hadi magotini. Wanaume wa kijiji wakaleta ingobyi, machela yao ya kubebea wagonjwa. Walikuwa na nia njema. Bahizi alipoiona akageuza kiti chake.

"Nilibebwa kwenye hiyo siku ile," akasema. "Sirudi ndani yake nikiwa muzima. Munirudishe nyumbani."

Mimi nilikuwa tayari nageuka kumwita dereva. Ulikunja kitenge chako, ukateremka kutoka kwenye baiskeli, ukaingia kwenye tope kwa mikono yako miwili, ukavuka ukijikokota, polepole, ukipumzika katikati. Ulipofika upande wa pili ukageuka na kuketi kwenye nyasi, tope hadi kwenye nywele.

"Bahizi," ukamwita, "maji si baridi sana."

Mke wangu, watu wote walikuangalia wewe siku ile, isipokuwa mimi. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuona kila siku nyumbani ukijikokota, lakini mbele ya watu nilishikwa na aibu, na wewe uliniona. Hukuniuliza kamwe. Naomba msamaha hapa, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Bahizi alikaa kwa muda mrefu akitazama maji. Kisha akafungua mkanda wa kiti, akashuka. Alivuka akitukana kwa lugha tatu, na alipofika kwako mlikuwa mmechafuka kiasi kwamba mlianza kunyosheana vidole na kucheka kama walevi. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa namna yake. Wanaume wa kijiji wakavusha viti, na ingobyi ikabeba magodoro.

Ile jioni imebaki kwetu kama ndoto tuliyoiota pamoja. Ukungu ulishuka malishoni, mahema manne yakaonekana kama mashua zilizotia nanga, na ng'ombe walikuwa wanapita katikati yake bila haraka. Mlikula viazi vya kuchoma na chai ya maziwa. Kulipokucha ukungu ukafunguka, na mlima Karisimbi ukawa umesimama pale, karibu, na weupe kidogo kichwani. Bahizi aliomba asogezwe mbali na mahema, aachwe peke yake. Alikaa huko hadi jua lilipokausha nyasi. Aliporudi nilimuuliza kama ana baridi.

"Hapana, mzee," akanijibu. "Miaka sita nimeona asubuhi kwa dirisha. Sikujua iko kubwa hivi."

Mlipanda mara kumi na nne baada ya hapo. Alikuja mama asiyeona kutoka Mahoko, akashika kila mti njiani na kuuliza jina lake. Walikuja mafundi, walimu, wauzaji wenzako wa mpakani. Daraja lilijengwa upya, pana, na watu wa kilima wenyewe. Bahizi akawa ndiye anayetangulia kukagua njia.

Kisha kifua chako kikaanza kuchoka. Ulituficha, na tulipojua tukakugombeza, ukatununia siku mbili. Ulipolazwa hospitali, safari ya kumi na sita ilikuwa imebakiza siku tatu, nasi tukataka kuiahirisha.

"Nani amesema?" uliuliza, ingawa pumzi ilikuwa fupi. "Mukandori anaumwa. Bugeshi haiumwi. Waende."

Wakaenda. Alfajiri ya tarehe 23 simu ya Uwingabire, binti yetu, ikalia kando ya kitanda chako. Alikuwa Bahizi. Hakusema mengi, "Mama, sikiliza tu," kisha akaiinua simu yake hewani. Uwingabire akaiweka kwenye sikio lako. Na sisi tulisikia kwa mbali: upepo kwenye maturubai, ng'ombe, mtu anacheka, mtu anaulizia chumvi. Ulisikiliza hadi simu ilipokata yenyewe.

"Wameamka vizuri," ulisema. Hayo ndiyo tuliyobaki nayo. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa umetutoka.

Jumamosi hii wanapanda watu thelathini na mmoja. Mudathiru ameshona mahema mengine sita. Nami nitakuwa pale kwenye daraja, Mukandori, nikiangalia kila mtu anavyovuka, na kichwa changu kikiwa juu.

Unakumbukwa na mumeo Callixte, watoto wako Uwingabire na Nziza, mama yako mzazi aliyeko Karagwe, dada zako na wakwe zako wa Gisenyi, Bahizi na mkewe, Mudathiru, wenzako wote wa mpakani, na watu wa kilima cha Bugeshi.

Lala kwa amani, Mama Pasi. Kukusahau hatujui kunaanzia wapi.