Unywele wa Mwisho wa Zibda

Jumapili, 26 Januari 2025

Baridi ya asubuhi hapa Muaither inaingia mpaka kwenye mifupa. Wanaosema Qatar ni joto tu hawajawahi kuosha farasi mwezi wa Januari. Nimemwosha Zibda kwa maji ya vuguvugu niliyochemsha kwa birika ya Wayne. Wayne ndiye mkubwa wetu hapa izbani, shamba la farasi, Mkenya mwenzangu wa Nakuru, na birika ni yake ya chai. Akijua atanuna wiki nzima. Wacha anune.

Zibda ni mdogo, ananifika kiunoni, rangi yake kama siagi iliyokaa nje ya friji. Jina lenyewe ndilo hilo, siagi kwa Kiarabu. Tarehe nane mwezi ujao ataonyeshwa uwanjani kwa mara ya kwanza. Siku moja kabla, atapimwa urefu. Mwisho ni sentimeta themanini na sita. Ukizidi, nje. Yeye anapita, lakini kwa chupuchupu.

Madam Munira, mwenye farasi, alikuja jana. Amesema Zibda asipopita kwenye kipimo hana haja naye, atampa yule mtu wa pati za watoto. Alisema hivyo huku akichagua tende kwenye sahani, bila ubaya wowote. Kwake ni kama kubadilisha zulia.

Mimi nilimwona Sukkar, farasi wetu mwingine mdogo, baada ya kupewa mtu huyo. Abu Hamour, nje ya nyumba moja, mwezi wa tisa, jua la kuua. Baluni kwenye mkia, kitoto mgongoni, kingine kinangoja zamu. Mgongo umebonyea. Nilimwita, akageuza masikio. Basi ikaja, nikapanda. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 28 Januari

Leo kunyoa. Siku nzima mashine mkononi, vidole bado vinatetemeka hata nikishika kalamu.

Mwili wote nimenyoa. Ndani ya masikio. Mdomo na kuzunguka macho kwa wembe, taratibu, halafu mafuta ya mtoto mpaka ngozi ing'ae. Zibda husimama tu. Farasi wengine hufungwa kamba ya mdomo ndio watulie. Huyu anaweka kidevu begani mwangu na kusinzia.

Wayne alipita akasema, "Kawira, safisha shingo vizuri. Nataka ionekane ndefu." Nimeisafisha. Kuanzia nyuma ya masikio, halafu nikaenda upande wa mabegani nikaondoa zile nywele za mwisho zilizokaa ovyo ovyo. Laini kabisa! Kwenye zizi la farasi wakubwa nililofanyia kazi miaka mitatu, ukiziacha zile unaitwa mchafu.

Amependeza. Nimempiga picha nikamtumia Virginia, binamu yangu, yule nesi wa Fereej Bin Mahmoud. Amejibu kwamba farasi ana ngozi nzuri kuliko yake.

Jumatano, 29 Januari

Nimeharibu. Mungu wangu, nimeharibu.

Wayne ameleta fimbo ya kupimia, tujaribu. Akainama, akapapasa mgongo, akauliza unywele wa mwisho uko wapi. Nikacheka. Nikaangalia. Nikapapasa mwenyewe, mara mbili.

Farasi wakubwa hupimwa juu ya mabega, kwenye ule mwinuko, na hakuna anayejali nywele. Hawa wadogo hupimwa pale unapoota unywele wa mwisho wa shingo. Wa Zibda ulikuwa nyuma ya mwinuko, mahali mgongo unapoanza kushuka bondeni. Kule chini ndiko alikokuwa anapata themanini na sita yake. Sasa kule ni kweupe. Unywele wa mwisho aliobaki nao uko juu kileleni. Fimbo imegota karibu na themanini na saba.

Na nilijua. Hiyo ndiyo inaniuma. Nilifundishwa siku ya kwanza nilipoletwa kwa hawa wadogo, na kila mwezi tunapima. Mkono ukaenda tu wenyewe, kwa mazoea, na kichwa kikaufuata.

Nikamwambia Wayne, lakini wewe ulisema nisafishe shingo.

"Nilisema shingo. Sikusema mgongo."

Hana makosa, na bado nimemchukia siku nzima.

Alhamisi, 30 Januari

Nimepekua takataka nikapata nywele zake kwenye brashi. Nimekaa nazo mkononi kama mtu aliyefiwa. Nilitaka kuzibandika kwa gundi. Wayne amesema wale wapimaji huvuta, zikitoka tunafungiwa wote, na farasi pia.

Nywele haziwezi kuota kwa wiki moja. Kila nikipita karibu naye nakagua. Hakuna kitu. Mjinga mimi.

Ijumaa, 31 Januari

Kanisa, Abu Hamour; huku ibada ni Ijumaa. Watu walijaa, nikapata nafasi nyuma kwenye kiti cha plastiki. Sikuomba chochote cha maana. Niliomba nywele. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, kutoka Timau, amekuja Uarabuni kuombea nywele za farasi.

Tulikunywa chai na Virginia baadaye. Nikamweleza yote. Hakunicheka. Akasema nimwambie Madam ukweli, farasi asiingizwe mashindano haya, aje msimu ujao nywele zikiwa zimeota. Hospitali, akasema, mtu akikosea dawa anasema saa hiyo hiyo, kabla mgonjwa hajameza ya pili.

Nimekubali. Kesho kutwa Madam akija, nasema.

Jumapili, 2 Februari

Sikusema.

Madam alikuja na wageni wake wawili, wakampenda Zibda sana, wakamshika yale masikio. Nikangoja waondoke. Wayne akanivuta kando nyuma ya magunia ya chakula. Ameshajua nataka kufanya nini, uso wangu haujui kuficha.

"Ukimwambia, hatangoja msimu ujao. Unamjua. Huyu anaondoka leo jioni kwenye pickup ya yule mzee wa baluni. Ndio unataka?"

Nikamuuliza, sasa tufanye nini?

"Juu imeshindikana. Tutapunguza chini."

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Kwato.

Nilipaswa kukataa pale pale. Madam alikuwa bado kwenye gari, dirisha liko wazi, anatafuta miwani yake. Hatua chache tu. Nikasimama na ndoo yangu mpaka gari likatoka getini.

Jumatatu, 3 Februari

Job amekuja. Ndiye fundi wetu wa kwato, Mganda, mtu wa maneno machache. Ameinua mguu wa kwanza, ameuangalia, ameushusha.

"Hizi nilikata juzi juzi tu. Hapa hakuna kitu ya kukata."

Wayne akasema kidogo tu, Job, kidogo kidogo.

"Huyu atasikia kila jiwe." Halafu akanigeukia mimi, si Wayne. "Dada, nyinyi mmekosea huku juu, sasa mnataka mimi nimkate huku chini?"

Wayne akampigia simu mtu, sijui nani, akaongea Kiarabu, akarudi akasema khalas, yamekwisha, ni amri. Sidhani kulikuwa na mtu upande wa pili wa ile simu. Job naye ana watoto Masaka. Akachukua tupa.

Na miguu ya Zibda ni nani aliishika? Mimi. Yote minne. Kwa Job hutetemeka, kwangu hutulia, kwa hiyo nikaitwa mimi. Aliweka kidevu begani kama siku ya kunyoa. Kwenye mguu wa tatu akastuka na kutaka kuuvuta. Nikamwambia tulia, tulia baba, nipo. Akatulia.

Wayne akapima. Themanini na sita kamili. Akanipiga bega kunipongeza. Job alifunga vyombo vyake bila kuaga.

Sijala. Chapati ya mchana bado iko kwenye mfuko.

Jumatano, 5 Februari

Anatembea kama mtu aliye peku kwenye kokoto. Kwenye mchanga wa uwanja wetu afadhali. Kwenye saruji anasimama, anafikiri, anaweka mguu, anaujutia.

Nimemwekea kwato kwenye ndoo ya maji baridi. Nimeongeza maranda zizini mpaka yakafika magotini pake. Dawa ya maumivu ipo kabatini, na Wayne amesema nisithubutu, siku ya mashindano wanachukua damu.

Virginia amepiga simu kuuliza kama nilisema. Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi ya kusimama. Miguu minne sawasawa, shingo mbele, masikio juu. Kwa hilo mimi hutumia peremende. Wala si peremende yenyewe, ni karatasi yake. Naikunja ndani ya ngumi, ikilia tu, Zibda anarefusha shingo na kunijia popote nilipo. Nilimfundisha mwenyewe mwaka jana na sikuwahi kumdanganya. Karatasi ikilia, peremende ipo. Kila siku.

Leo nilikuwa upande wa pili wa saruji, nikaikunja bila kufikiri. Akavuka. Alivuka yote, kichwa kinapanda na kushuka kila hatua, mpaka mkononi mwangu. Nimempa peremende tatu. Nikaingia chooni nikalia.

Ijumaa, 7 Februari

Kanisani sikwenda. Leo kipimo.

Uwanja wa watu wenye pesa, maua kila mahali, farasi wadogo wengi wanang'aa kuliko magari. Nimempitisha Zibda kwenye nyasi za pembeni mpaka kwa wapimaji, mlinzi akanifokea nisikanyage nyasi, nikajifanya sisikii. Pale wanapopimia pana mpira chini. Asante kwa huo mpira.

Mzungu mwenye fimbo akapapasa mgongo. Akapata unywele, juu kileleni. Akaangalia pale peupe nyuma yake muda mrefu. Akauliza nani amenyoa. Nikasema mimi. Akasema kwa upole tu kwamba hiyo ni kazi mbaya, nimejinyima mwenyewe nafuu ya kipimo. Halafu akashusha fimbo. Themanini na sita. Amepita.

Madam Munira alifurahi mpaka akambusu Zibda puani, mafuta yote yakabaki kwenye midomo yake. Akatuma sauti kwa dada zake wote. Wayne akacheka cheko lake la mdosi. Mimi nilisimama pale nimeshika kamba nikisikia aibu hata kwa kupumua.

Baadaye, tukirudi zizini, Madam alitufuata nyuma. Akasimama. Akauliza kwa nini anatembea hivyo.

Hakuna mtu aliyenizuia. Wayne alikuwa mbali, kwa wauza kahawa. Madam aliniuliza vizuri, kama mtu anayetaka kujua. Na Zibda alikuwa ameinua mguu wa mbele, anauning'iniza, hata kipofu angeona.

Nikasema ni baridi, Madam. Amekaza misuli.

Akasema haram, yaani maskini, akavua shali yake ya sufi na kumfunika mgongoni.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo, karibu na lango la uwanja. Daftari liko nyumbani. Kama siandiki nitapasuka.

Kila kitu kiko tayari. Mafuta mdomoni, rangi nyeusi kwenye kwato, mara mbili mbili, zinang'aa. Huwezi kujua. Nilipopaka ya mbele kushoto niligusa chini kwa kidole, kuna moto. Moto kabisa. Hiyo si baridi.

Kutoka hapa mpaka kwenye mchanga wa uwanja kuna njia ya mawe. Si ndefu. Wenzake wanaipita mbio mbio, tak tak tak. Zibda tumefika naye mwanzo wa mawe na amegoma. Hajawahi kugoma maishani. Nikavuta kidogo, akanitazama. Hana hasira. Ananingoja nimwambie cha kufanya.

Shali ya Madam bado iko mgongoni kwake. Madam mwenyewe yuko jukwaani, safu ya mbele, namwona kutoka hapa. Amenipungia mkono. Nami nikampungia.

Nimefikiria kwenda. Niende pale mbele ya dada zake wote niseme, nilimnyoa vibaya, tukamkata miguu, jana nikakudanganya. Halafu? Halafu yule wa baluni. Na nisipokwenda, akishinda, ataletwa tena. Machi. Aprili. Kila mara atapimwa, na kila mara Job ataitwa kabla nywele za bondeni hazijaota. Wayne ameshasema. Asubuhi hii, akinywa chai. Amesema sasa tunajua njia.

Sasa tunajua njia. Alisema hivyo na kuongeza sukari.

Nimepapasa mgongo wake chini ya shali, pale peupe. Kuna kitu. Kama ndevu za siku mbili. Zimeanza kuota, Mungu wangu, leo ndio zimeanza.

Wanaita namba yetu. Wayne anapiga vidole upande wa pili wa mawe, mdomo wake unasema yalla, yalla, twende. Zibda ameinua mguu na hataki kuushusha.

Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine uko mfukoni, karatasi ya peremende iko kwenye ngumi. Sijaikunja. Haijalia hata kidogo, na ikilia atavuka.

Ameuona mkono. Masikio yameshasimama.