Vipande vya Goti la Mama Nakiru

Lodwar, Alhamisi, Februari 2013

Joto la leo halina huruma, lakini mikono yangu imekuwa baridi tangu asubuhi. Nimeketi kwenye kivuli nje ya nyumba ya wageni. Chai imeingia nzi na sina nguvu ya kuimwaga.

Hakuna aliyenionya kuhusu nyundo.

Mimi ni injinia. Kwa miaka miwili nimehangaika na kifaa kimoja tu: chuma kinachofungwa kwenye mfupa ili kuongoza msumeno wa daktari anapoweka goti la bandia. Kwa kawaida madaktari hubeba masanduku ya vyuma hivyo, kila saizi na chake. Changu ni kimoja, hupanuliwa na kupunguzwa kwa skrubu. Kimepimwa, kikaidhinishwa, na leo kimetumika kwa mara ya kwanza kwa binadamu.

Nilikuwa nimekizoea kwenye mifupa ya plastiki. Plastiki haitoi damu.

Binadamu huyo ni Mama Nakiru, mjane kutoka kijiji cha Lopur anayeuza kuni mjini Kakuma. Mwaka mzima goti limemfungia nyumbani, binti yake ndiye anayebeba kuni. Jana nilimsalimu kwa Kiturkana, "Ejok," akacheka matamshi yangu hadi akajifuta machozi.

Nilidhani atalala usingizi. Kumbe walimchoma sindano ya mgongo tu, akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilisimama ukutani nikimtazama Daktari Barasa akigonga misumari ya kushikilia chuma changu, ko, ko, ko, kama fundi wa paa. Ndipo sauti ya Mama Nakiru ikatoka nyuma ya pazia lililomzuia asione.

"Daktari, unajenga nyumba?"

Wauguzi walicheka.

Kisha ikafika zamu ya skrubu yangu. Daktari akaishika, vidole vikateleza. Akajaribu tena. Glavu zilikuwa zimelowa damu na mafuta ya mwili.

"Injinia, haizunguki."

Sikuruhusiwa kugusa chochote. Niliganda pale, mama wa watu amefunguliwa goti mbele yangu, na kilichokwamisha kazi ni kitu nilichokichora mimi. Muuguzi akaikausha kwa shashi. Wapi. Mwishowe daktari akaibana kwa koleo, akakaza meno, ikazunguka. Msumeno ukapita sawasawa, pale pale ulipotakiwa.

Nilitoka nje nikatapika.

Mchana nilimkuta Mama Nakiru wodini, macho makavu kabisa, anamsumbua muuguzi.

"Hiyo mfupa yangu mmekata iko wapi? Nataka kuona."

Daktari alisita, kisha akaagiza iletwe. Vipande vichache kwenye bakuli la chuma, vyembamba kama maganda ya muhogo, upande mmoja umelika hadi unang'aa. Mama akavitazama kwa muda mrefu. Binti yake akageuza uso.

"Kadogo hivi?" akasema. "Hii ndio ilininyima Kakuma mwaka mzima?"

Akalia. Si kwa maumivu, ganzi ilikuwa bado haijaisha. Sikujua niweke macho yangu wapi. Miaka miwili nimeviita vipande hivyo "mabaki" kwenye michoro yangu.

Niliporudi hapa niliomba mafuta ya kupikia jikoni. Nilivaa glavu, nikazipaka, nikajaribu kuizungusha skrubu ya kifaa cha akiba.

Haikusogea hata kidogo.

Jaribio la dakika moja! Nilipima chuma, nikapima mfupa, nikapima pembe zote. Mikono ya daktari sikuipima. Je, kama koleo lisingekuwepo?

Skrubu hiyo naing'oa. Nitaweka mkono mrefu wa kusukuma, hata kama itabidi nianze upya.

Asubuhi Mama Nakiru atasimamishwa kwa mara ya kwanza. Ameagiza niwepo, anasema anataka mtu wa kumwegemea upande wa kushoto. Naogopa kuliko nilivyoogopa leo.

Nitaenda.