Nilinyamazisha Gari la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Mimi ni mtunza maktaba, nina miaka thelathini na mmoja, nimemchumbia binti wa dereva mmoja mstaafu, arusi ni mwezi ujao, na mambo yakibaki yalivyo leo sijui nitakwenda pale kama bwana arusi au kama mtu aliyepita njia.

Huyu baba mkwe mtarajiwa ana gari la zamani, ukijumlisha umri wangu na wa mchumba wangu bado linatuzidi, na kila asubuhi analipangusa kwa kitambaa ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukigusa, mpaka mama mkwe huliita "mke mwenzangu", na ndilo litakalombeba bibi arusi. Sasa gari hili lina kelele, mshauri, likiwashwa tu injini inapiga tik tik tik tik bila kupumzika, mchumba wangu anasema walipokuwa wadogo wakiisikia ile sauti kwenye kona walikuwa wanakimbilia madaftari, wanajua baba amefika, lakini mimi kwa miaka saba kazi yangu ni kuwaambia watu shh, sikio langu halivumilii, kila nikipanda lile gari natamani niliwekee kidole mdomoni.

Mwezi uliopita mzee alisafiri kwenda kusimamia ujenzi wa nyumba ya dada yake, na mbele ya wanawe wawili wa kiume, ambao hajawahi kuwaruhusu hata kuliegesha, akanikabidhi mimi funguo. Akasema, "Kijana, liwashe kila Jumamosi, lizungushe kidogo, basi. Usiguse kitu." Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Mshauri, nia yangu ilikuwa njema, nilitaka akirudi alikute linanguruma taratibu tayari kwa arusi, basi pale kazini nikapata kitabu cha ufundi wa magari ya aina ile, nikasoma kwamba kelele zile ni za tapeti, yaani vile vidude vya juu ya injini vinavyozigonga valvu, ile milango midogo ya injini, ili zifunguke, na kwamba kati ya tapeti na valvu kuna nafasi ndogo, na nafasi ikizidi kelele inazidi. Nilipofungua ukurasa unaofuata nikakuta umechanwa, maana kuna wasomaji hawana adabu hata kidogo, lakini nikajiambia jambo lenyewe liko wazi, kama nafasi kubwa ni kelele kubwa basi pasipo na nafasi hakuna kelele, nikafungua kifuniko cha injini, nikashika spana na bisibisi, nikazikaza zote nane mpaka nafasi ikaisha kabisa.

Nikawasha. Kimya! Mchumba wangu akaja akasimama, akasema, "Mbona limenyamaza kama limenuna?" nikaona huyu hajui mambo ya magari. Kwa furaha nikampigia mzee, nikaisogeza simu karibu na injini, mzee akaniambia niisogeze tena, kisha akauliza, "Ndilo hilohilo kweli?" nikamwambia ndilo, baba, limepona lenyewe, ndiyo mshauri, nilisema limepona lenyewe, akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama kile kikopo chake cha vibati vya kupimia bado kiko chini ya kiti, nikasema kipo, akasema, "Basi baada ya wiki mbili nitarudi Ijumaa badala ya Jumatatu." Nikafurahi kuona jinsi alivyolikumbuka gari lake.

Lakini Jumamosi iliyofuata gari likipata moto linaishiwa nguvu, nikisimama linatetemeka, linapiga chafya kwenye kabureta, nikilizima haliwaki tena mpaka lipoe, na kile kilima kidogo cha posta kikalishinda kabisa, likasukumwa na watu wawili ambao wote ni wanachama wa maktaba yangu. Jirani yangu kinyozi ananiambia nimwage oili nzito humo ndani, nifunge mdomo, mzee atadhani ni uzee wa gari. Mchumba wangu anasema, "Ukimdanganya baba yangu mara ya pili, pete yako utaikuta kwenye rafu ya vitabu vilivyorudishwa." Nampenda, mshauri, na mzee naye nampenda, mimi baba yangu sikumjua, na huyu ndiye mtu mzima wa kwanza kuniachia kitu chake anachokipenda. Nifanye nini?

Ni mimi, mtunza maktaba mwenye oili kwenye kucha.

*

Mtunza maktaba, pole. Nimekucheka kwanza, sasa nimemaliza, tuzungumze.

Umebahatika barua yako imefika kwenye nyumba ya fundi wa magari, maana nimefua ovaroli za mume wangu miaka ishirini na sita. Nilimsomea tukiwa mezani. Akaacha kijiko hewani. "Kazikaza zote nane?" "Zote nane." "Mpaka nafasi ikaisha?" "Mpaka ikaisha." Akashika kichwa, akasema, "Mwambie asiliwashe tena hata dakika moja." Basi umeambiwa.

Nani alikudanganya kwamba injini ni msomaji, inanyamazishwa? Ile nafasi uliyoiondoa ina kazi yake. Valvu ikipata moto inarefuka kidogo, na ile nafasi ndiyo inayoipa pa kurefukia. Wewe umeinyima, kwa hiyo injini ikichemka valvu hazifungi sawasawa, moto unapenya pembeni, nguvu zinapotea, na valvu zenyewe zinaungua polepole. Hayo yote yaliandikwa kwenye ukurasa uliochanwa. Ukakuta kitabu kina pengo, badala ya kumuuliza fundi ukajaza mwenyewe. Mtu wa vitabu mzima! Na huyo kinyozi mwambie oili nzito hailegezi tapeti iliyokazwa, arudi kwenye vichwa vya watu.

Lakini tapeti si shida kubwa. Shida ni yale maneno mawili, "limepona lenyewe". Hapo nimekasirika, mwanangu, nakwambia wazi.

Sasa isome tena barua yako, maana umeiandika bila kuielewa. Mtu ameendesha magari maisha yake yote. Anasikia kwenye simu kwamba gari lake la miaka sitini limeacha kelele. Anataka asikie tena. Anacheka mpaka anakohoa. Anauliza vibati vyake vya kupimia viko wapi, na vibati hivyo vina kazi moja tu duniani, kupima nafasi ya tapeti! Halafu anaiwahisha safari ya kurudi kwa siku tatu. Ewe kijana, mzee anajua. Alijua kabla hujakata simu. Hakukugombeza, hakuwapigia wanawe waje wakunyang'anye funguo. Amekuacha uone mwenyewe utasema nini.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie. Usianze na hali ya hewa wala ujenzi wa shangazi. Sema, "Baba, halikupona lenyewe. Nilizikaza tapeti zote, nimekosa, na nilikudanganya. Naomba ukija unifundishe." Kisha nyamaza, hiyo ndiyo fani yako. Akifoka, mwache afoke, ana haki yake.

Ijumaa uwe umevaa nguo za kuchafuka. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa baridi, kibati kipite kati ya tapeti na valvu kwa kukwaruza kidogo tu, nati ifungwe, muende inayofuata. Mume wangu anasema kama nguvu zitarudi zote, umenusurika. Kama silinda moja itabaki dhaifu, kuna valvu imeungua, itabidi injini ifunguliwe juu, na hiyo kazi utaifanya wewe pamoja na mzee, Jumamosi zote mpaka arusi, bila kulalamika. Na kama arusi itafika hamjamaliza, bibi arusi atapanda gari la kukodi na wewe utawaeleza wageni kwa nini.

Usiogope sana lakini. Yule mzee ana wana wawili aliowazaa, na funguo alikupa wewe. Hakukupa kwa sababu unajua magari, hilo kila mtu ameliona. Nenda ukamwambie kweli, halafu siku ya arusi, utakapokuwa umesimama na suti yako ukasikia kwenye kona tik tik tik tik, ujue mkeo amefika, na ole wako uliambie lile gari shh.