Petroli ya Kijani kwenye Gari la Kompadre

Mpendwa mshauri Casilda,

Naomba msaada wako, na ukinisoma redioni usinitaje jina, maana hapa Puebla waokaji wote tunakusikiliza tukikanda unga.

Mimi ni mjane, naoka mikate na kuisambaza madukani, na mwaka juzi kigari changu kilipokufa nililia kama mtoto, ndipo Mzee Eladio, kompadre wangu aliyemsimamia binti yangu Yaretzi ubatizo, akanikabidhi funguo za gari lake la kifahari la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi, alilolipenda kuliko mkewe (marehemu mwenyewe alikuwa akisema hivyo), kwa sababu macho yake yalikuwa yanazimika na hakutaka lioze bandani, wala hakutaka hata senti, alitaka ahadi moja tu: "Komadre, petroli nyekundu peke yake, ile ya daraja la juu. Ukilitia ile ya kijani ya bei nafuu, umenitia sumu mimi." Nikaapa. Mungu ambariki mzee yule, mikate yangu inasafiri kitajiri, na kila nikiwasha gari nasema asante.

Nyekundu niliitia miezi mitatu, halafu unga ukapanda bei, watu wakaniambia petroli ni petroli, nikajiambia gari halijui rangi, nikaanza kumwambia Fidencio wa kituo cha mafuta, "Jaza kijani, na mzee asijue," naye akaitunza siri. Mwaka na zaidi mambo yalikuwa salama. Lakini kila Jumapili nampeleka kompadre Atlixco kula nyama, na yeye haoni ila masikio anayo, na Jumapili iliyopita tukipanda mlima kurudi Puebla, na buti limejaa magunia ya unga, akaweka kiganja kwenye dashibodi akasema, "Komadre, injini inagonga. Umeitia nini?" nami nikaropoka, "Nyekundu, kompadre, ila siku hizi wanachakachua!"

Lo, Casilda! Akaamuru twende kituoni moja kwa moja. "Fidencio! Mimi kipofu, si zuzu! Miaka ishirini mteja wako, leo unamuuzia mjane uchafu?" Fidencio akanitazama, akafuta mikono, akasema, "Samahani, mzee. Nitaangalia." Kisha kompadre akanitamkia neno kwa neno barua ya malalamiko kwa mwenye kituo, nikaiandika kwa mkono wangu huu, nikatia na sahihi ya shahidi, na sasa Fidencio anaachishwa kazi Ijumaa. Nilipomfuata akasema, "Mama Yaretzi, usimvunje mzee moyo. Mimi nitapata pampu nyingine." Ana watoto wanne.

Je, nikirudia nyekundu kimya kimya injini ikatulia, si yataisha? Au nimwambie mzee, nikose gari na nimkose yeye?

Mwokaji mwenye aibu

*

Mwokaji wangu,

Vuta pumzi. Una wanaume wawili wa dhahabu pembeni yako, na wapo wanaoniandikia ambao hawajampata hata nusu ya mmoja. Ndiyo maana nitakugombeza.

Gari kwanza, maana hilo ni jepesi. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko cha ndani. Kikisema nyekundu inapendekezwa, huenda hujaua kitu. Injini imekuwa ikijipunguzia nguvu na kunywa mafuta zaidi, kwa hiyo hata ile nafuu uliyoifuata imekuponyoka kidogo kidogo. Kikisema ni lazima, acha kijani leo, na usipande mlima wowote na magunia kabla fundi hajaisikiliza. Wala usinichanganyie nusu kwa nusu kama wafanyavyo majirani zako. Hiyo si supu.

Sasa Fidencio. Unataka kurudia nyekundu kimya kimya? Injini itatulia kweli, na Mzee Eladio atajipiga paja kwa furaha: "Umeona, komadre? Barua yetu imewanyoosha!" Utakuwa umekamilisha ushahidi dhidi ya mtu asiye na kosa. Mama, hujaliona hilo? Unasema unamshukuru kompadre, na mzee wa watu umemtumia kumtukana rafiki yake wa miaka ishirini mbele ya foleni.

Kesho asubuhi, kabla ya kupeleka mikate, mpelekee mwenye kituo barua ya pili, kwa mwandiko uleule: kijani niliagiza mimi, Fidencio hakuchakachua chochote. Usisingizie bei ya unga. Kisha mchukue kompadre umfikishe hadi kwenye pampu, useme kwa sauti, waliosikia matusi wasikie na hili. Mwekee funguo mkononi. Akizishika, mshukuru kwa yote uliyobebewa na gari lake, urudi nyumbani kwa miguu. Akikurudishia, basi ni nyekundu mpaka mwisho wa maisha yako.

Lakini kabla hujamgeukia kompadre, mgeukie Fidencio. Mzee alikupa gari ambalo hakuweza tena kuliendesha. Fidencio alikuwa anakupa chakula cha watoto wake, na katika barua yako yote sijaona umemwambia asante.

Casilda