Je, Ni Mimi Niliyefuta Taji la Sarafu ya Baba Mkwe?

Shangazi Mariamu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako, mama wa watoto watatu, na nakuandikia kwa sababu Jumamosi hii ukoo unakutana na natakiwa nisimame niombe radhi kwa jambo ambalo sijui kama nimelitenda. Baba mkwe, mzee Margwe, nilimuuguza miaka miwili, na kabla hajafariki alinikabidhi mimi, si wanawe, sarafu ya njano ya Mjerumani ya mwaka 1916 ambayo baba yake alirudi nayo kutoka upagazi wa vita, akasema niitunze mpaka mjukuu wa kwanza aoe, na sikuigusa kabisa mpaka siku ya kumaliza matanga, nilipoona aibu wageni waione imefubaa, nikachukua majivu na gunzi la mahindi kama tunavyosugua sufuria, nikasugua upande wenye taji, na kabla sijageuza nikaitwa jikoni nikaiacha hivyo hivyo. Shemeji Gidamis alipoishika mbele ya watu akaona taji ni nusu, upande wa kushoto ni bapa kabisa, ingawa mwaka ulio chini yake unasomeka vizuri, akasema, "Shemeji, umeifuta sarafu ya mzee." Mimi sikuwahi kuiangalia kwa makini, siwezi kuapa. Mume wangu Emanuel anasema nikubali tu yaishe. Anayeniumiza zaidi ni mama mkwe, maana tangu siku ile hanywi uji wangu, anangoja wa kwa Gidamis. Shangazi, kama kosa ni langu nitalibeba mbele ya wote, lakini kama si langu sitalibeba hata nikibaki peke yangu. Nitajuaje?

Judica, Endasak, Hanang, mkoa wetu mpya wa Manyara

Marahaba, Judica mwanangu. Kwanza nikugombeze. Sarafu si sufuria. Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yangu Dongobesh, na tangu serikali iruhusu biashara huria, wageni wakaanza kuulizia vitu vya kale, nimeona akina mama wengi wakileta sarafu walizozisugua mpaka zinang'aa, wakidhani wameziheshimu. Gunzi linakwaruza. Ile rangi ya kahawia ilikuwa umri wake, na umeiondoa wewe. Hilo ni lako, usilikwepe.

Sasa taji. Sarafu zile zilipigwa Tabora wakati wa vita, harakaharaka, na nyingi zilitoka mhuri haujakandamiza sawasawa. Mhuri ukigonga kinyonge, alama hufifia pande zote mbili mahali pamoja. Kwa hiyo kesho asubuhi simama mlangoni, mwanga uje kwa ubavu, ibane sarafu kwa vidole viwili pale palipo bapa, kimoja juu kimoja chini. Halafu geuza, tazama kilichokuwa chini ya kidole cha pili, upande ambao hukuusugua. Kama na huko alama zimefifia hapo hapo, ilizaliwa hivyo. Kisha azima lenzi kwa mwalimu wa sayansi. Ukiona pale bapa pana vijishimo vidogo, uso wa madini ambao mhuri haukuufikia, basi taji halikuwahi kukamilika. Ukiona pamelainika, mikwaruzo imekwenda kama mkono wako ulivyokwenda, na upande wa pili alama zimesimama imara, basi umefuta wewe, na utakubali kama ulivyoahidi.

Lakini wewe mwenyewe umesema mwaka unasomeka. Mkono wenye gunzi hauli nusu ya taji ukaruka tarakimu zilizo chini yake. Nina mashaka sana kama ni wewe.

Emanuel, najua gazeti hili unalisoma. Hayaishi kwa mkeo kukiri asilolijua. Jumamosi kaa upande wake.

Nawe Judica, usiende na maneno matupu, nenda na sarafu na lenzi. Mpe mama mkwe kwanza, kabla ya Gidamis, abane kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa majivu, omba radhi kwa sauti ya kusikika, upige magoti ukitaka. Kwa taji, kama utaona ninachokidhania, usiombe radhi hata kidogo. Siku taji lile lilipokosa nusu yake, huyo mama mkwe wako alikuwa hajazaliwa.