Anayejibu ni Blandina Tu

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Wiki ya tatu tangu tufungue mfumo wa kusomea kwenye kompyuta. Nimeingia asubuhi kabla umeme haujakatwa. Jukwaani kimya. Swali langu bado limekaa pale juu, peke yake: "Taja bidhaa moja dukani kwenu ambayo hainunuliwi, na useme kwa nini bado ipo." Swali zuri! Nimelisumbukia siku mbili. Darasa la kutunza stoo, watu kumi na wawili, kila mmoja anauza au anabeba au analinda kitu hapa Kariakoo. Na hakuna mwenye la kusema?

Mzee Ghanim amepanda ngazi. Chuo chake, jengo lake, duka la vitambaa hapo chini lake pia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama mlangoni akitazama kompyuta zake. Bado haamini kwamba programu hii ni ya bure. Kitu cha bure kina ugonjwa ndani, anasema. Nikamweleza tena — Moodle imetengenezwa na watu wengi, huko na huko duniani, wanaigawa tu, na ukitaka unaifungua na kuirekebisha mwenyewe. Akauliza hao watu wanakula nini.

Neno lake la mwisho: mpaka tarehe mosi Septemba. Akiona wanafunzi wanaingia na kusoma, chumba cha kompyuta kinabaki. Wasipoingia, kuna watu wa simu za mkononi wanakitaka. Mji mzima sasa ni simu! Mimi nitarudi kwenye ubao na chaki, kama nitarudi.

Jumatano, 9 Agosti

Raksha Bandhan. Siku ya dada kumfungia kaka uzi mkononi. Kaka yangu Utsav yuko Leicester, nilimtumia wake kwa posta mwezi uliopita. Sijui umefika. Nimekwenda hekaluni Kisutu asubuhi, nimesalimiana na watu, wote wana watu wao. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimekula dal na wali mbele ya redio.

Halafu najiuliza kwa nini naandika daftari hili kwa Kiswahili. Marehemu Mama alisoma Kigujarati tu, ndiyo sababu. Nilianza nikiwa msichana, nimfiche mambo yangu. Sasa hakuna wa kufichwa, ila mkono umezoea.

Lakini leo — jibu! Blandina, yule wa duka la viatu Mtaa wa Mchikichi. Ameandika kwamba wana jozi tatu za viatu vya harusi, vya kike, namba arobaini na tatu. Bosi wake hataki kuvishusha bei. Aliwahi kumwuzia mwanamke mmoja mrefu wa Buguruni, na anaamini atarudi siku moja na dada zake. Nimecheka peke yangu ofisini! Nimemjibu kirefu mno, nadhani.

Alhamisi, 10 Agosti

Blandina ameniandikia ujumbe, si jukwaani, kwangu mwenyewe. Anauliza: Madam, na wewe nyumbani una kitu hakitumiki lakini kipo?

Nimekaa na swali hilo hadi umeme ukakatika. Uliporudi nikamjibu. Nimemwambia kipo kitanda cha Mama. Kila Jumapili nabadilisha shuka. Sijawahi kumwambia mtu. Nimebonyeza kutuma kabla sijajirudi, na baadaye nikaona aibu, na baadaye nafuu.

Jumamosi, 12 Agosti

Kipindi. Wamekuja wote. Blandina amekaa nyuma kabisa, macho chini. Nikamwita aeleze kuhusu viatu. "Madam, si umeshasoma?" basi, akajifunika uso kwa kanga. Wengine wakatazamana, Eliasi wa maghala ya mchele akakohoa.

Haya! Kuna watu mdomo wao uko kwenye vidole. Sitamsumbua tena mbele za watu.

Ijumaa, 18 Agosti

Anaandika kila siku sasa. Jumapili tu ndiyo anapumzika. Na ana sura nyingi, binti huyu! Jumatatu alikuwa mtani, akanitania kuhusu mifano yangu ya vyerehani ("Madam, siku hizi nani ananunua Singa?"). Jana akawa mtu wa dini, kila sentensi na Inshallah, nikashangaa, kwani Blandina ni Mkristo. Nikajiambia Kariakoo ndivyo ilivyo, maneno ya jirani yanakuingia. Juzi hakuweka nukta hata moja.

Kila siku anauliza nimekula nini. Kwa hiyo nimeanza kupika vizuri, ili niwe na la kujibu. Leo nimepika undhiyu, ule mchanganyiko wetu wa mboga, chakula cha siku mbili, mtu mmoja! Nimemwambia. Mama angesema nimerukwa na akili.

Niseme ukweli hapa, kwani hapa hakuna anayesoma: ninaamka nikimfikiria. Kama mtu anavyofikiria kwamba kuna mgeni atakuja.

Jumanne, 22 Agosti

Mzee Ghanim tena. Nikamfungulia kurasa za Blandina, moja baada ya nyingine, kwa majivuno. "Bint Champaklal," akaniita — alifanya biashara na marehemu baba, hawezi kuniita jina langu — "huyu mmoja hodari. Na hao kumi na mmoja?"

Nikasema watakuja. Akasema watu wa simu nao wanasema hivyo hivyo kuhusu wateja, ila wao wanalipa kodi wakati wakisubiri.

Alhamisi, 24 Agosti

Mwandiko mbaya leo.

Umeme ulikatwa tangu asubuhi hadi jioni. Jenereta la Mzee linawasha duka lake tu, halipandi ghorofa. Nilitaka kuweka jaribio la wiki, nikasema niende intaneti kafe ya Hussam, Mtaa wa Mchikichi. Mfumo uko kwenye seva ya kukodi mjini, unaufikia popote. Kwa Hussam kuna jenereta. Sijawahi kuingia pale.

Nikaingia. Kwenye kona, kompyuta moja, na mbele yake benchi la kukaa watatu. Darasa langu limejazana hapo. Karibu lote! Waliokaa wamepakatana, waliosimama wameinama mabegani mwa wenzao. Blandina yuko katikati na kibodi.

Eliasi alikuwa anasoma kwa sauti. Maneno yangu. Niliandika jana kwamba kila nikila peke yangu naweka sahani mbili mezani, nakumbuka, narudisha moja. Alisoma vizuri, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya kutoka nyumbani. Mmoja akasema, "Masikini Madam wetu." Kisha Blandina: "Haya, leo zamu ya nani?" Na Zamzam, anayeuza vitenge: "Alhamisi yangu. Andika: Shikamoo Madam, hiyo sahani ya pili usiirudishe."

Nilitoka. Hussam aliniita, karibu dada, kompyuta ipo. Sikugeuka. Nimevuka Mnazi Mmoja nikilia mbele za watu, jua halijatua, na mtu mzima mimi!

Huyo Blandina niliyemzoea hayupo. Hakuwahi kuwapo.

Ijumaa, 25 Agosti

Sikufungua mfumo.

Jumamosi, 26 Agosti

Kipindi. Nikauliza moja kwa moja nani anaandika kwa jina la Blandina. Kisha Blandina akasimama — leo alisimama! — akasema, "Wote, Madam."

Wakaeleza. Mwanzo haukuwa ujanja. Jioni wakitoka kazini chuo kina giza. Kwa Hussam wanachanga saa moja kwa pamoja, na mtandao ni wa kobe. Mtu akitoka na mwingine akaingia kwa jina lake, dakika zinaishia kwenye kufungua ukurasa. Wakaamua jina moja. Swali linasomwa, wanabishana, anayejua anasema, Blandina anapiga chapa. Viatu vya harusi ni vya dukani kwake kweli. Ile habari ya magunia kuchelewa ghalani ni ya Eliasi. Inshallah ni Zamzam.

Na ule ujumbe wa kila siku kwangu? Hapo Blandina akatazama chini tena. Eliasi ndiye aliyejibu. Walipanga kama mchezo, kama wanavyopokezana pesa kila wiki: wawili wawili, kila siku na wenyewe, Jumapili mapumziko. Mtu asikose siku yake.

Nikamwuliza kwa nini.

"Tuliona ukikosa jibu unaandika tena, Madam. Halafu tena."

Jamani! Afadhali angenipiga kofi. Masikio yaliniwaka. Nikasema kwa sauti ya mkaguzi kwamba kuanzia leo kila mtu ataingia kwa jina lake, atajibu peke yake, na ujumbe binafsi kwa mwalimu basi. Wakasema sawa Madam. Zamzam alitaka kusema neno, nikafuta ubao.

Jumatano, 30 Agosti

Wametii. Majina kumi na mawili, majibu kumi na mawili. "Nimeelewa somo. Asante Madam." "Bidhaa ya zamani itoke kwanza. Asante Madam." Mistari miwili kila mtu, kisha ametoka ampishe mwenzake. Hakuna mabishano. Blandina pia ameandika mistari miwili, na naapa ni mwandiko wa mtu mwingine kabisa, mfupi, wenye haya. Sasa ndiyo nimemjua.

Kwa Mzee Ghanim hii ni safi. Ndiyo aliyoitaka.

Jioni sikupika. Chai na mkate.

Ijumaa, 1 Septemba

Alikuja baada ya sala, kanzu nyeupe, marashi. Umeme ulikuwapo kwa bahati. Nikamwonyesha orodha. Akapitisha kidole kwenye kioo, jina kwa jina, akatingisha kichwa. "Umefanikiwa, bint Champaklal. Nitawaambia wale wa simu watafute kwingine."

Ningenyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza!

Nikasema, Mzee, huku si kusoma. Hawa wanapita wakionyesha uso na kuondoka. Kusoma kulikuwa kule. Nikafungua ya zamani, nikamsomea viatu vya harusi. Akacheka mpaka akatoa leso. Akasema hata yeye anayo — robota la kitambaa cha kaunda suti, analo tangu enzi ya foleni, hawezi kulitupa, anaona atakuwa amewatupa na wanaume waliokuwa wakilivaa. Akakaa! Hajawahi kukaa humu. Nikamsomea magunia ya Eliasi na mabishano yote ya wiki mbili. Nikamweleza habari ya benchi. Ya kitanda na sahani sikumsomea.

Kisha akauliza swali la mfanyabiashara: "Kama wanasoma vizuri kwa Hussam, kwenye benchi, kompyuta moja — chumba changu hiki cha nini?"

Nimeukata mti mwenyewe na umeniangukia. Akasema atafikiri, Jumatatu ataniambia. Mlangoni akageuka, akauliza kwa upole kama siku hizi ninakaa na nani. Nikasema peke yangu, Mzee. Akasema pole, akashuka.

Jumapili, 3 Septemba

Nina funguo, nimekuja chuoni. Mtaa umefunga nusu, wapagazi wamelala juu ya mikokoteni yao. Umeme upo. Utsav alipiga simu asubuhi: uzi umefika, njoo ukae kwetu, unang'ang'ania nini huko. Nikasema nina darasa. Akauliza mpaka lini. Sijui, labda mpaka kesho.

Nimebadilisha shuka za Mama kabla sijaja. Sikujua nimwambie nani.

Nimefungua ukurasa wa ujumbe. Majina kumi na mawili, kila moja na kisanduku chake cheupe. Zamani nilibonyeza jina moja bila kufikiri. Leo nimemchagua Zamzam, nikafuta. Eliasi, nikafuta. Nitamwambia nini mtu mmoja, kwa jina lake, anayejua kwamba naweka sahani mbili? Nina hasira nao bado. Na nimewakumbuka mpaka kifua kinauma. Yote mawili, sawasawa.

Mwishoni nimebonyeza Blandina. Nimeandika hivi: "Sheria yangu ya Jumamosi naifuta. Kesho huenda chumba kikachukuliwa. Nikija kwa Hussam jioni, mtanisogezea nafasi kwenye benchi? Nitachanga na mimi. Leo sijala kitu."

Nimesoma mara ngapi sijui. Nimetuma.

Nikafikiri leo Jumapili, si zamu ya mtu, hakuna atakayeona. Nikainuka kuchukua mkoba. Pembeni ya ukurasa, palipoandikwa waliomo sasa hivi, palikuwa na jina langu tu. Sasa yamekuwa mawili. Langu na la Blandina.

Huenda ni yeye mwenyewe, na haya zake. Huenda ni benchi zima, wamepakatana, wanaulizana nani aseme. Nimekaa tena, mkoba magotini, nasubiri jibu.