Viatu vya Setenil

Mke wangu Mama Upendo,

Daktari amesema kama nina la kusema niliseme sasa. Basi nakuandikia kwa hasira, maana ndiyo nguvu pekee iliyonibakia. 

Unaukumbuka ukuta wa jikoni hapa Irving, ugenini kwetu? Ulibandika picha za vijiji vya Hispania ulizokata kwenye kalenda za zamani. Frigiliana na nyumba zake nyeupe, milango ya buluu. Albarracín, kuta zake nyekundu kama udongo wa kwetu Same. Na Setenil, uliyoipenda kuliko zote, ambako jabali zima ndilo paa la mtaa. Ulikuwa ukirudi kutoka zamu hospitalini miguu imevimba, unaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi huku ukiitazama. "Baba Upendo, huko hata mvua inyeshe vipi, hakuna wa kulilia bati linalovuja." Mimi, mwalimu wa jiografia, nikaanza kukueleza jinsi mto ulivyolila jabali lile. Ukasema hutaki somo, unataka kukaa chini yake unywe kahawa.

Hatimaye tukakata tiketi za kwenda, ukanunua viatu vya kutembelea kwenye mawe. Ukavivaa sebuleni wiki nzima ili vilainike. Havikuwahi kukanyaga kitu kingine zaidi ya zulia.

Siku tatu kabla ya safari, mzee mmoja wa Lewisville, mji wa jirani, akafariki. Unaijua desturi yetu Watanzania wa hapa: mtu akifa, kamati inakaa kila jioni mpaka mwili upande ndege kwenda nyumbani. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Nikaja kukuambia kamati imenikatalia kusafiri. Ulinyamaza, ukafungua begi, ukaanza kurudisha nguo kabatini.

Ulikuwa uongo. Hakuna aliyenikatalia. Makamu wangu, Mama Neema, aliniambia mbele ya wote, "Nenda, mwenyekiti. Marehemu hana haraka, mwenye haraka ni mkeo." Watu wakacheka, na kicheko kile kikanichoma. Niliona wanaweza kusafirisha maiti bila mimi, na hilo sikulivumilia. Sababu ni hiyo tu. Kiti cha plastiki mbele ya ukumbi wa kanisa.

Najichukia kwa hilo. Na wewe pia nakukasirikia, niseme kweli. Kwa nini hukunigombeza? Kwa nini uliendelea kunipigia pasi shati la vikao? Mwaka uliofuata moyo wako ukasimama ukiwa kazini. Kamati ile ile ikakaa sebuleni kwetu, Mama Neema akiwa mwenyekiti, nami mfiwa kwenye kochi. Ilikwenda vizuri sana bila mimi. Hakuna kilichoharibika.

Jumapili nilimwita Upendo nikamweleza yote. Mwezi ujao anakwenda Setenil, na mguu wake ni saizi yako. Nikampa boksi la viatu vyako. Alivivaa, akafunga kamba polepole, kisha akaongea Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu Kiingereza: "Leo siwezi kukusamehe, baba. Niulize nikirudi."

Daktari hanipi huo mwezi, na Upendo anajua. Nimemwambia aende. Nimemwambia asiahirishe kwa ajili ya maiti ya mtu yeyote, hata yangu.

Nakuja na kosa langu mkononi. Safari hii usininyamazie.

Mumeo aliyekunyima safari,
Baba Upendo